Unataka kufungua kilabu? Soma kwanza yaliyonikuta

Juzi kijana mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kaka, nina mtaji kidogo, nataka kufungua kilabu cha pombe. Nianzie wapi?" Mdogo wangu, anzia kwenye kutokukopesha. Mengine ni haya.

Kilabu chetu hapa Ipogolo, Iringa, alikianzisha bibi kwa mitungi miwili ya komoni, pombe ya nafaka. Alipochoka akamwachia mama mdogo, na huyo ndiye niliyejifunza kwake, ingawa nilichelewa kulijua hilo. Masika, ulanzi, yaani pombe ya mianzi, unapoteremshwa kutoka vijijini, alfajiri alikuwa mlangoni akisubiri wenye baiskeli. Bei haulizi kwanza. Analegeza mfuniko wa dumu, anatega sikio. Likifoka, ulanzi mzima. Likinyamaza, anaonja, kisha anamtazama mgemaji usoni, anamsalimu Kihehe na kumuuliza habari za mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi: "Kamwene, baba. Jana mvua ilinyesha ndani ya mbeta?" Aliyeongeza maji alipakia dumu akaondoka bila ubishi. Mama mdogo anarudi ndani, anachuja nyuki waliofia utamu, mtogwa, ulanzi mbichi mtamu, anautenga kwa wapenda sukari, mkangafu, uliochacha ukawa mkali, kwa wazee wa benchi la ukutani. Kiangazi mianzi ikikata maji, tunarudi kwenye komoni ya mahindi na kimea cha ulezi.

Mwaka 2015 kikaangukia mikononi mwangu. Msomi mimi! Nikatoa mabenchi, nikaweka viti vya plastiki, spika kubwa, na viroba vya kutosha, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki. Viroba vilinipa hela, sikatai. Ila wazee walihama mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Machi 2017 serikali ikapiga viroba marufuku, nami nikabaki na spika, friji na daftari la madeni. Jina la kwanza kwenye daftari ni la aliyenisimamia harusini. Mpaka leo tukikutana njiani anakumbuka ghafla kwamba shughuli yake iko ng'ambo ya barabara.

Nilipokwenda kumweleza mama mdogo, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mabenchi uliyapeleka wapi?" Nilikuwa nimeyapasua kuni.

Kwa hiyo vijana, nisikilizeni. Usikopeshe. Bidhaa unayouza ijue kwa ulimi wako mwenyewe, usimtume mtu akaonje. Spika haileti mteja wa Jumanne saa kumi jioni, na huyo ndiye anayelipa kodi ya chumba. Na usikopeshe rafiki, maana mgeni utamdai, rafiki utamwonea haya huku yeye hakuonei.

Masika haya nimechonga mabenchi mapya, spika nimeuza. Mzee wa kwanza kurudi alikaa, akalitikisa benchi huku na huku, akasema bado halijazoea watu. Akaagiza lita moja ya mkangafu, akapapasa mfuko wa koti, akasema hela ataleta Jumamosi.

Nikampimia.