Ubongo, rangi na kabila: maswali ya wasomaji wa Bukavu

Mjukuu wangu wa miezi minane analia kila akimwona padri muzungu. Mtoto anazaliwa na ubaguzi? — Bibi, Bagira

Hapana, mama. Umri huo watoto wengi huanza kuogopa mtu yeyote wasiyemzoea, hata shangazi aliyetoka Uvira. Watafiti waliowaonyesha watoto wachanga picha za nyuso mwaka 2005 waliona kwamba katika siku za kwanza hawachagui rangi. Wakifika miezi mitatu, wanatazama zaidi nyuso zinazofanana na za watu wanaowalea. Watoto wa Kiethiopia waliozaliwa Israeli, waliokuwa wakiona weusi na weupe kila siku, hawakuonyesha upendeleo huo. Na kutazama zaidi si kuchukia.

Chuki inaingia baadaye, mara nyingi kwa midomo yetu. "Usiponyamaza nitakupa muzungu akubebe" ni somo kamili: linamfundisha mtoto nani wa kuogopa na kwa nini. Acheni kulitumia. Padri akija, mpakate mtoto, ongea naye ukicheka. Mtoto anasoma uso wako kabla ya kuusoma wa mgeni.

Nimesoma kwamba ubaguzi unakaa kwenye amigdala. Basi hauwezi kutibiwa kwa dawa? — Mwanafunzi wa udaktari, Ibanda

Umesoma nusu ya habari. Amigdala ni mafungu mawili madogo ya seli, moja kila upande, ndani kabisa ya ubongo usawa wa masikio. Kazi yake ni kushtua mwili haraka mbele ya kitu chenye uzito kwako: hatari, ndiyo, lakini pia chakula au mtu unayemhitaji.

Mwaka 2000 Elizabeth Phelps na wenzake waliwaweka Wamarekani weupe kwenye mashine ya IRM, inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, na kuwaonyesha nyuso za watu weusi wasiowajua. Wale waliokuwa na upendeleo mkubwa zaidi kwa weupe kwenye jaribio la majibu ya haraka (kubonyeza vitufe upesi kuunganisha nyuso na maneno mema au mabaya), amigdala zao ziliitikia zaidi. Sehemu hiyo ndiyo inayosambazwa. Inayoachwa ni hii: zilipoonyeshwa nyuso za watu weusi mashuhuri wanaopendwa, uhusiano huo haukuonekana tena.

Mwaka 2008 Jay Van Bavel na wenzake walienda mbali zaidi. Waliwagawa watu katika timu mbili za kubuni, kila moja ikiwa na weusi na weupe, wakawapa dakika chache kukariri nyuso za wenzao. Ndani ya mashine, amigdala iliitikia zaidi nyuso za timu yao kuliko za wapinzani, na rangi haikubadilisha kitu. Dakika chache tu zilitosha! Kiungo hicho kinafuata mpaka uliochorwa leo, na mpaka huo tunauchora sisi.

Kuhusu dawa: mwaka 2012, huko Oxford, watu 36 walishiriki jaribio la propranololi, dawa ya presha. Upendeleo ulipungua kwenye jaribio la majibu ya haraka, lakini maoni waliyoyatamka hayakubadilika. Usimwandikie mtu yeyote dawa kwa sababu hiyo.

Nauza simu Nyawera. Wateja wangu Wachina, sura zao nazichanganya. Ni dharau? — Muuzaji

Ni ukosefu wa mazoezi. Wakorea walioasiliwa utotoni na kulelewa Ufaransa walikuja kutambua nyuso za Kizungu vizuri kuliko za Kiasia, sawa na Wafaransa wengine. Acha kutazama rangi na nywele. Shika umbo la sikio, kidevu, nafasi kati ya macho, na uulize jina. Ila wakikuita polisi kumtambua mwizi wa asili nyingine, useme wazi kwamba huna hakika. Majaribio mengi yaliyojumlishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kumtaja kimakosa mtu usiyewahi kumwona kunaongezeka takriban mara 1.5 akiwa wa asili nyingine.

Kwenye bariere vijana wanasema "morfolojia yake (sura na umbo lake) si ya hapa". Kweli pua na urefu vinaonyesha kabila? — Motari, Panzi

Hapana, na kosa hili limeua watu. Ubongo unampanga mtu kwenye fungu chini ya nusu sekunde, kisha unakumbuka mara ulipopatia tu. Anayehukumiwa vibaya anafukuzwa au anapigwa, hivyo aliyehukumu hapati kamwe kujua alikosea, na kujiamini kwake kunazidi. Tena, tangu 1972 vipimo vya jenetiki vinaonyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti kati ya binadamu zimo ndani ya kundi lolote lile, si kati ya makundi.

Ukiwepo, usibishane juu ya makabila, maana hapo unaimarisha fungu lenyewe. Mtaje mtu: "Huyu ni Papa fulani, fundi viatu wa avenyu yetu, watoto wake wanasoma na wangu." Katika jaribio la 2005, kuuliza tu kama mtu wa pichani angependa mboga fulani kulibadilisha jinsi amigdala ilivyoitikia uso wake.

Tunataka timu ya mpira ya makabila yote. Itasaidia? — Mwalimu, Kadutu

Itasaidia, mkiheshimu masharti aliyoyaandika mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1954: hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa kuunga mkono waziwazi. Linaloharibika mara nyingi ni la kwanza. Kapiteni, kocha na mweka hazina wakitoka kabila moja, wengine wakabeba mipira, mmewafundisha vijana ngazi ileile ya mtaani.

Msitarajie kila kitu. Nchini Iraki, Wakristo waliochezeshwa timu moja na Waislamu waliendelea kufanya mazoezi nao miezi sita baadaye, lakini ukaribu huo haukuwafikia sana Waislamu wasiowajua, nje ya uwanja (utafiti wa Salma Mousa, 2020). Kwa hiyo wazazi nao wapewe kazi ya pamoja: likelemba (mchango wa zamu) ya jezi, au salongo (kazi ya pamoja) ya kusawazisha uwanja.

Redio yetu iwaite wasikilizaji wajadili chuki za kikabila hewani? — Mtangazaji

Kwa tahadhari kubwa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilipima jambo hilo hapa hapa mashariki mwa Kongo, na matokeo yalitoka 2010. Sehemu moja ilisikia mchezo wa redio peke yake. Nyingine ilipata pia kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Waliohimizwa walijadili zaidi, lakini wakawa na uvumilivu mdogo zaidi, wakarudia malalamiko yao na kupunguza nia ya kuwasaidia wasiowapenda. Kila mtu alipata nafasi ya kurudia jeraha lake, na hakukuwa na kazi ya kufanya pamoja baada ya hapo.

Mkifungua simu, swali liwe la jambo linaloshikika: maji ya avenyu, karo, barabara ya soko. Waiteni wageni wa makabila mawili wenye tatizo hilo hilo, na kabla ya kufunga kipindi wataje hewani nani atafanya nini, na siku gani watarudi kueleza.