Gunia la Saruji Lililonifundisha Mekanika

Juzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada ya uhandisi mitambo, aliniandikia kwamba amepata alama 23 katika jaribio la mekanika na anafikiria kuhama fani. Nilimjibu kwamba mimi nilipata 18.

Swali lililoniangusha lilihusu boriti ya mita 4 iliyoegemezwa ncha zote mbili, ikiwa na mzigo wa nyutoni 600 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) mita 1 kutoka ncha ya kushoto. Tulitakiwa kusema kila egemeo linabeba kiasi gani. Niligawa kwa mbili, nikaandika 300 na 300, nikakabidhi karatasi kwa majivuno, kwa kuwa sekondari nilijulikana kama bingwa wa fizikia. Mwalimu aliisoma alama yangu mbele ya darasa zima, na sauti ile sijaisahau hadi leo.

Likizo ilipofika, mimi na kaka yangu tulibeba gunia la saruji la kilo 50, tumelining'iniza kwenye mti wa mita 2 uliolala mabegani mwetu. Gunia liliteleza taratibu kuja upande wangu hadi likawa nusu mita tu kutoka bega langu. Kaka akawa anapiga mluzi, mimi magoti yananitetemeka. Usiku niliuchora mti ule, nikaweka mshale wa uzito ukielekea chini na mishale miwili ya mabega ikielekea juu, kisha nikakokotoa momenti, yaani nguvu mara umbali wake, kwenye bega la kaka: uzito wa 490.5 mara mita 1.5, gawanya kwa mita 2. Nilikuwa nimebeba nyutoni 368 hivi, yeye 123. Robo tatu ya gunia! (Kilo 50 si nyutoni 50, zidisha kwa 9.81, kosa ambalo nalo liliwahi kuninyima alama.) Nikairudia boriti ya jaribio, nikapata 450 kushoto na 150 kulia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, choreni. Kabla ya kushika kikokotoo, ondoa kila egemeo na uweke mshale mahali pake. Mnakariri fomula usiku kucha, ilhali hamjui mzigo unaelemea wapi, kisha mnamlaumu mwalimu. Swali likionekana jepesi, chora vilevile.

Mtihani wa marudio nilipata 74. Safari hiyo mwalimu hakusoma alama ya mtu. Aliyabandika matokeo ukutani, akaondoka.