Riba haibadiliki, mbona malipo ya nyumba yamepanda kwa dola 1,260?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba mpya upande wa Katy, kaunti ya Fort Bend hapa Texas, Aprili 2024. Bei ilikuwa dola 340,000, mkopo wa miaka 30, riba isiyobadilika. Tulikuwa tunalipa dola 2,390 kwa mwezi. Sasa benki imetuandikia kwamba tulipe 3,650. Nikipiga simu naambiwa ni "kodi na eskro". Jirani anasema tuombe homstedi, ule msamaha wa kodi kwa anayeishi kwenye nyumba yake, lakini mwaka juzi tulipata barua ya kututaka dola 95 za hiyo homstedi, tukaambiwa ni utapeli, tukaitupa. Leseni zetu za udereva nazo bado zina anwani ya apatimenti ya zamani. Wote wawili ni manesi na zamu tumeshaongeza. Tuuze?

Jibu: Salama, dada. Msiuze kwanza. Nimepitia karatasi ulizonitumia, na zaidi ya nusu ya hilo ongezeko inaweza kuondoka.

Malipo yenu ya kila mwezi yana sehemu mbili. Moja ni mkopo wenyewe na riba yake, na hiyo haijaguswa hata senti. Ya pili ni eskro, yaani fedha ambazo benki inawakusanyia kidogo kidogo ili iwalipie kodi ya nyumba na bima muda wake ukifika. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo shule, kaunti na zimamoto kwa sehemu kubwa vinategemea nyumba zenu. Hapo ndipo mzigo ulipo.

Kodi ya mwaka hutozwa kwa thamani ya mali ilivyokuwa Januari 1. Januari 1, 2024, hapo mnapoishi palikuwa na kiwanja na msingi tu. Ofisi ya uthamini ya kaunti ikaandika dola 70,000. Viwango vyote mnavyotozwa vikijumlishwa ni dola 2.8 kwa kila dola 100 za thamani, kwa hiyo kodi ya 2024 ilikuwa dola 1,960. Benki ikapigia hesabu hapo hapo: dola 163 kwa mwezi. Januari 1, 2025 nyumba imesimama, watu wanaishi, thamani ni 340,000. Kodi ikawa dola 9,520. Benki ikailipa yote, kisha ikageuka kuwadai tofauti ya dola 7,560. Ukiigawa kwa miezi 12 unapata 630. Halafu inataka ianze kuwakusanyia kodi ya mwaka huu kwa kiwango kipya, dola 793 kwa mwezi badala ya 163, ambayo ni nyongeza nyingine ya 630. Jumla 1,260. Kwa hiyo mmebebeshwa deni la mwaka jana na kodi ya mwaka huu kwa pamoja.

Hili linaniuma, kwa sababu halikuwa fumbo kwa yeyote aliyekuwa mezani siku mnasaini. Muuza nyumba alijua, afisa wa mkopo alijua. Mnunuzi anaonyeshwa malipo yaliyopigiwa hesabu kwa kodi ya kiwanja kitupu, anaona yanalingana na mshahara wake, anasaini. Kwa anayesoma hapa na bado hajanunua: omba malipo yapigiwe hesabu kwa bei kamili ya nyumba kabla hujaweka saini, na uliza kiwango cha MUD. Hiyo ni mamlaka ya maji na mitaro ya mtaa mpya. Hukopa ili kulaza mabomba, na wenye nyumba ndio wanaolipa deni hilo kupitia kodi. Sheria inamtaka muuzaji akupe karatasi ya MUD mapema. Nawe dada, ukipekua faili lenu la siku ya kusaini utaikuta.

Sasa homstedi. Ile barua ya dola 95 mlifanya vema kuitupa, maana fomu ni ya bure. Lakini msamaha wenyewe ni wa kweli, tena ndio mkubwa kuliko yote mtakayopata. Masharti ni kwamba nyumba iwe yenu na iwe ndiyo makazi yenu makuu. Kwa kodi ya shule, msamaha ulikuwa dola 40,000 mwaka 2022, ukapandishwa hadi 100,000 mwaka 2023, na wapiga kura wakauongeza Novemba 2025 hadi 140,000, ukianzia na kodi ya mwaka huo wa 2025. Kwenye bili yenu, shule peke yake inachukua dola 1.1 katika zile 2.8. Ukitoa 140,000 kwenye thamani, mnaokoa dola 1,540 kwa mwaka. Kaunti nayo inaweza kutoa msamaha wake hadi asilimia 20 ya thamani, ila sijauingiza kwenye hesabu hii ili msije mkategemea zaidi ya kinachoonekana.

Hamjachelewa. Sheria inaruhusu kuomba hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika inahesabika kuwa imepitwa na muda wa kulipwa, na tarehe hiyo ni Februari 1 ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo 2025 bado iko wazi, hata 2024 pia. Kinachowakwamisha ni leseni. Anwani iliyo kwenye leseni ya Texas lazima ilingane na ya nyumba, la sivyo fomu itarudi. Anzeni hapo leo, mnaweza kubadilisha anwani mtandaoni bila kupanga foleni. Kisha chukueni fomu namba 50-114 kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini ya Fort Bend, jazeni miaka yote mnayoiombea, na ambatisheni bili ya umeme au maji ya 2025 kuonyesha mlikuwa mnaishi hapo.

Faida ya pili ya homstedi haionekani mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka unaofuata, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata nyumba za mtaani zipande bei namna gani. Mkipewa ya 2025, kinga hiyo inaanza 2026. Haizuii kiwango chenyewe kupandishwa, wala haihusu chumba mtakachoongeza.

Pingamizi juu ya thamani ni suala jingine, na hapo nasihi muwe na matarajio ya kadiri. Mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu taarifa ya thamani itumwe, na inayochelewa ndiyo inayohesabika. Ukienda kusema kodi imekuwa kubwa na mshahara haujapanda, bodi ya mapingamizi itakusikiliza kwa heshima na haitabadili kitu, kwa sababu haina mamlaka juu ya hilo. Inachopima ni kama thamani iliyoandikwa inazidi bei ya soko, au kama mmethaminiwa juu kuliko nyumba zinazofanana na yenu. Nyinyi mlinunua kwa 340,000 na ofisi imeandika 340,000, kwa hiyo kwa 2025 hakukuwa na kesi. Taarifa ya mwaka huu ikija na 375,000, hapo pingeni. Ombeni ushahidi wa ofisi kabla ya kikao, na ni haki yenu kupewa. Bei za mauzo Texas haziwekwi hadharani, kwa hiyo waulizeni majirani walionunua karibuni. Kama sakafu imeanza kupasuka, kama ilivyo kawaida kwa udongo wa mfinyanzi wa huko, pigeni picha na mchukue makadirio ya fundi kwa maandishi.

Kwa benki, msilipe pungufu kwa hasira. Piga simu uombe deni ligawanywe kwa miezi 24, baadhi hukubali. Angalia pia kama bima haijapanda ndani ya eskro hiyo hiyo. Homstedi ikipita, waandikie, waambatishie bili iliyorekebishwa, na udai eskro ipigiwe hesabu upya. Wasipoombwa, wengi husubiri hadi mapitio ya mwaka unaofuata. Marejesho ya kodi iliyozidi ya 2025 nayo yakitumwa kwenu, yaingizeni eskro moja kwa moja.

Kuhusu kuuza, kodi ikishuka hadi dola 7,980, eskro ya kodi inakuwa 665 kwa mwezi, yaani 502 juu ya zile 163 za mwanzo. Deni la mwaka jana nalo, ukitoa zile 1,540 za marejesho, linabaki 6,020. Mkiligawa kwa miezi 24 ni 251 kwa mwezi. Mtalipa takriban 3,143 kwa miaka miwili, kisha takriban 2,892, kama kodi na bima vitabaki hapo vilipo. Kaeni na mume wako mpime hiyo 2,892 bila zamu za ziada. Ikiwezekana, bakini. Ikiwa hata hiyo inawazidi, niandikie tena kabla hamjazungumza na dalali.