Udongo haujawahi kufinyanga chungu

Mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Lubumbashi, katika Katuba, anauliza awafundishe watoto waandike lipi: «udongo mfinyanzi», «udongo wa mfinyanzi», au «arjili», kama wanavyoisikia katika masomo ya Kifaransa.

Mwalimu, umenipa nafasi niliyokuwa nikiitafuta, maana hilo la kwanza linanikera tangu zamani. Mfinyanzi ni mtu. Jina lake linatokana na kufinyanga, kitenzi ambacho ni ndugu wa kufinya, nayo g imegeuka z kama ilivyogeuka tulipotoka jenga tukafika mjenzi, au tunga tukafika mtunzi. Asili yake ni hiyo, tuendelee. Tusemapo «askari mlinzi», askari huyo ndiye anayelinda. Basi anayeandika «udongo mfinyanzi» anatuambia kwamba udongo umejikusanya wenyewe, umejilowesha, umejizungusha hadi ukawa chungu, huku mama mwenye kazi yake amekaa pembeni akitazama. Kwa kanuni hiyo tutaimba «wimbo mtunzi» na kulala katika «nyumba mjenzi». Nabii Isaya hakuchanganya mambo: «sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu» (64:8). Ukiondoa tofauti hiyo, Muumba na kiumbe wanakuwa kitu kimoja, na yote hayo kwa uvivu wa kuandika silabi moja!

Nenda pembezoni mwa mji, wanakochoma matofari. Vijana wanabomoa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuwapandishia chembe laini kutoka chini. Wanamwaga maji, wanakanyaga hadi tope linanata vifundoni, wanajaza kalibu ya mbao, wanaanika, kisha wanapanga tanuri. Waulize ni udongo gani, watakujibu: «Bulongo ya kichuguu.» Upatanisho wao, wa kusema «ya» badala ya «wa», utakufanya uvue miwani, Mwalimu, lakini kiunganishi kipo mahali pake, wakati waandishi wa vitabu vya kilimo, wenye sarufi mezani, wamekitupa.

Kwa vyungu mimi hupendelea «udongo wa kufinyangia», ingawa nakiri kwamba mtaalamu wa ardhi, anayehesabu chembe zisizofikia milimita 0.002, huhitaji jina moja kwa udongo wote wa namna hiyo, uwe utafinyangwa au utabaki shambani ukituama maji na kupasuka kiangazi. Huyo naye «udongo wa mfinyanzi» unamtosha.

Kuhusu arjili nimechoka kugombana. Ni Kifaransa kilichovaa kitenge, hakina dhambi kubwa, ila sokoni hakina kazi: mama mjamzito anayetamani donge jeupe la udongo huo la kutafuna huomba «pemba», na muuzaji humpa bila kumsahihisha. Mtoto akiandika arjili, mpigie mstari mmoja mwembamba. Akimwandika mfinyanzi bila «wa», mpigie miwili, tena kwa kalamu nyekundu.