Jibu: Sikio linalia usiku, silali
Pole mkuu. Umesema mlio unazidi ukizima taa, na kazini uko kwenye mashine ya kusaga. Usiku kukiwa kimya ubongo hauna kingine cha kusikiliza, ndiyo maana. Washa feni, au redio kwa sauti ya chini kuliko mlio wenyewe. Usihangaike kuufunika wote. Mashineni vaa vizibo vya masikio, ila ukitoka vivue, maana ukimya unauchochea. Hayo mafuta ya kitunguu saumu uliyoshauriwa kudondoshea, achana nayo kabisa. Kwinini na aspirini nyingi pia huleta mlio, lakini usikatishe dozi bila kumuuliza daktari. Mlio ukiwa sikio moja tu, au unadunda na mapigo ya moyo, muone daktari wa masikio. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo.