Kwa Wazazi Waliobatizisha Watoto Jumapili

Jumapili mliposimama mbele ya kanisa na watoto wenu wamevikwa nguo nyeupe, nilipewa dakika kumi nizungumze nanyi. Tano ziliishia kutafuta miwani, na zilizobaki nikazimaliza kwa salamu. Haya ndiyo niliyotaka kusema. Nimefundisha watoto shule ya Jumapili hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa miaka 23, na nimelea wanne wa kwangu. Mmoja kati ya hao wanne haendi kanisani. Nalitaja mapema ili asije mtu akanivuta pembeni baada ya ibada kuniuliza, "Mzee, na yule wako je?" Nitafika kwake.

Nianze na kosa langu.

Wakati watoto wangu wakiwa wadogo nilikuwa nikiuza sukari na mafuta ya kupikia. Mnaujua mpaka wetu: bei za upande huu na ule hazijawahi kupatana, na njia za panya hazihesabiki. Mimi niliyekuwa nikisoma somo la kwanza kila Jumapili ya pili ya mwezi, nilikuwa na kijana wa baiskeli aliyenivushia mizigo usiku. Sikuita magendo. Niliita biashara ya mpakani, kama kila mtu. Jioni moja tukiwa mkekani kwa sala, binti yangu wa pili, wakati huo ana miaka sita, akafumba macho akaomba: "Bwana Yesu, mlinde anko wa baiskeli, askari wasimwone. Amina." Wote wakaitikia Amina. Na mimi niliitikia, mdomo umeitangulia akili.

Usiku ule sikupata usingizi. Ombi lile sikumfundisha. Alikuwa amelala chumba cha pili, anasikia ninavyonong'ona na mama yake, akajumlisha mwenyewe: baba anamwomba Mungu, baba anawaogopa askari, basi Mungu atusaidie kwa askari. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Miezi mingi nilikuwa nimemfundisha Amri Kumi kwa nyimbo na makofi, naye alikuwa ameshajifunza somo lingine kupitia ukutani.

Mmekulia nchi hii, kwa hiyo mnawajua walokole. Uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, ukaenea kwetu Uganda miaka ya 1930, uliacha desturi moja ambayo siku hizi tunaiheshimu zaidi kuliko tunavyoifanya: kutembea nuruni. Mtu alisimama katikati ya wenzake akaitaja dhambi kwa jina lake, na kama aliiba jembe, alirudisha jembe. Shangazi yangu alitembea hadi kijiji cha pili kurudisha sufuria aliyokuwa amekaa nayo miaka. Nikiwa mtoto niliona ni kichekesho. Sufuria yenyewe ilikuwa imetoboka.

Basi nilijua la kufanya, na bado ilinichukua wiki tatu. Kusimama mbele ya watu wazima katika ushirika haikuwa kazi kubwa; watu wazima wote wana sukari yao mahali fulani, wanakuitikia kwa upole. Ugumu ulikuwa kumwambia mtoto wa miaka sita. Nilimkalisha barazani nikasema, "Mwanangu, anko wa baiskeli alikuwa anapitisha sukari ya baba bila ushuru. Ule ni wizi. Nilikosea, nimeacha, na nimemwambia aache." Akanitazama, akauliza, "Na hii ya kwenye chai?"

Siku ile tulikunywa chai bila sukari. Kesho yake mama yao akasema sukari haijatenda dhambi, inywewe iishe, na nyingine inunuliwe kwa risiti.

Sasa msidanganywe kwamba utii hulipa papo hapo. Biashara ilinywea, nikahamia mahindi na maharage, na muhula mmoja watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Lakini kuanzia siku ile ya barazani mambo mawili yalibadilika. Watoto walianza kuniletea makosa yao kabla sijayagundua. Na mimi nilipata adabu ya kusema na mke wangu usiku kana kwamba ukuta haupo.

Kwa hiyo kama mtachukua neno moja tu kwa mzee huyu, chukueni hili: mwombeni mtoto msamaha mnapomkosea, kwa maneno kamili, naye akisikia. Na msitie "lakini". "Nilikosea kukupigia kelele mbele ya wenzako, lakini na wewe umezidi" si toba, ni kesi mpya imefunguliwa. Baadhi ya wanaume hapa wataona hii inawapunguzia heshima nyumbani. Mimi heshima yangu ilipungua kwa muda wa saa moja hivi.

Kuhusu kiboko sitasema mengi. Paulo aliwaandikia Waefeso, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu," na darasani kwangu huwatambua watoto waliochokozwa kwa jina la Mungu. Mtoto aliyechapwa kwa kusahau mstari wa kukariri huja Jumapili akiwa anaujua mstari wote na anauchukia.

Sala ya jioni. Hapa nina maoni makali, mnivumilie. Kwanza, iwe kabla ya chakula. Mtoto akishashiba posho, yaani ugali, na maharage, Mungu mwenyewe anajua hayupo tena. Pili, iwe fupi. Dakika kumi zinatosha, na baba akianza kuomba kwa ajili ya mataifa yote, mama amkanyage mguu. Tatu, anayesoma awe mtoto, hata akisoma kwa kukwaruza. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kumfuata Kristo na kujifunza kusoma kulikuwa kitu kimoja. Na wengi wao Injili ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa ya Kiswahili, kabla ya Kiganda kupata vitabu vyake. Sisi tunaoambiwa Kiswahili hapa Uganda ni lugha ya wanajeshi na ya soko tukumbuke hilo.

Na lugha iwe ipi? Watoto wetu wanasema Kisamia kwa bibi, Kiganda kwa rafiki, Kiingereza kwa mwalimu na Kiswahili kwa mteja. Kuna wazazi wanaotaka mtoto aombe kwa Kiingereza ili wageni wasikie karo inafanya kazi. Mimi hupima hivi: mtoto akigombania mpira, anagombana kwa lugha gani? Aombe kwa hiyo. Nilikuwa na mvulana darasani aliyeomba kwa Kiingereza miaka miwili, sala ileile, neno kwa neno, kama anasoma kibao cha dukani. Nilipomwambia aombe kama anavyoongea na babu yake, akanyamaza kwa muda, kisha akaomba babu apone mguu.

Sadaka pia ifikirieni. Nilikuwa nikimpa kitinda mimba wangu shilingi 500 kila Jumapili, naye njiani ananunua kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, anaingia kanisani na mdomo unang'aa mafuta. Nilimkemea mara nyingi, haikusaidia, na nikiwaza sasa naona alikuwa na haki kiasi fulani: ile ilikuwa sadaka yangu, yeye alikuwa tarishi tu. Tukampa kuku mmoja jike. Mayai yakiuzwa, yeye ndiye anayeamua ngapi ni za Bwana. Mwezi wa kwanza alitoa shilingi 200 akalia njia nzima. Kabalagala hakununua.

Tatizo kubwa zaidi la mzazi Mkristo wa Uganda, kwa maoni yangu, si simu wala muziki. Ni bweni. Tunampeleka mtoto bwenini darasa la tatu, wengine hata la kwanza, kisha tunamwona likizo. Zaidi ya nusu ya mwaka analelewa na kengele. Siku ya kutembelea tunafika na kuku wa kukaanga, chapati na soda, tunauliza amekuwa wa ngapi, tunaondoka. Mimi nilifanya hivyo kwa wote wanne na nilijiona baba mwema.

Halafu ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na wengine madarasa yao hayakufunguliwa hadi Januari 10, 2022. Kitinda mimba akarudi na sanduku lake la chuma, na ndani ya wiki mbili nikagundua kwamba ninaishi na mgeni. Hakujua nyimbo zetu za jioni. Mimi sikujua kwamba anaogopa giza, mvulana wa miaka kumi na moja. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsukumia kazi: hakuna mchungaji, hakuna mwalimu wa Jumapili, na mwalimu wa Jumapili mwenyewe ni mimi. Nilikuwa nimekariri Kumbukumbu la Torati 6 tangu ujana, ile ya kuwafundisha watoto "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo," na ndipo nikaona kwamba maneno hayo yanadai kitu ambacho sikuwa nacho, yaani kuwa pamoja. Tulipalilia mahindi pamoja. Mazungumzo mazuri kuhusu Mungu tuliyafanya tukiwa tumeinama, hatutazamani. Wavulana wengi husema kweli wakiwa hawatazamwi.

Sisemi mtoe watoto bwenini; najua hali, na najua shule nzuri ya kutwa haipo kila mahali. Ila kama lazima aende, msimpeleke mkono mtupu. Mtafutieni kijana aliyemzidi miaka michache, wa kidato cha juu au jirani wa kanisani, amshike mkono. Kila Juni 3 tunawakumbuka mashahidi wa imani waliochomwa Namugongo mwaka 1886, na mahubiri mengi huwa juu ya moto. Mimi watoto huwasimulia juu ya Karoli Lwanga. Alikuwa mkubwa wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwenyewe kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwakinga wadogo kwa kadiri alivyoweza. Hatari ilipofika mlangoni kule Munyonyo, padri hayupo, yeye ndiye aliyewabatiza waliokuwa bado. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14, na inasimuliwa kwamba alitaka washikane mikono wakati ukifika. Wazazi wake hawakuwepo. Aliyekuwepo ni Lwanga, kama kaka mkubwa. Binti yangu yule wa sukari alivuka miaka ya sekondari kwa sababu ya dada mmoja wa kidato cha tano aliyekuwa akimwamsha saa kumi na moja wakaombe nyuma ya jiko la shule. Sikumpanga mimi. Ningejua, ningemtafuta mapema kwa ajili ya kaka yake.

Kaka yake, basi. Kifungua mimba wangu ana miaka thelathini sasa, yuko Kampala, ana kazi, ana tabia njema, na kanisani haendi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote nilipokuwa nikivusha sukari, na naamini alielewa mengi kabla ya dada yake kuomba. Niliyemwomba msamaha barazani ni binti. Yeye nilimwomba akiwa na miaka 24, kwa simu, na simu ikakatika katikati.

Watu hunisomea Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee," kama kwamba ni hati ya dhamana na mimi nimeshindwa kulipa. Warudi nyuma wasome na habari za Samweli. Alilelewa hekaluni, aliwaona wana wa kuhani Eli wanavyoharibika, na bado wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, walikula rushwa. Maandiko hayakumficha. Kwa hiyo mtoto wa mwenzenu akipotea msimwendee na Mithali. Mwendeeni na kilo ya sukari, iliyolipiwa ushuru.

Na mtoto wako mwenyewe akiacha, usiifanye sala ya jioni kuwa mtego. Nilijaribu. Alipokuja nyumbani nilichagua somo la mwana mpotevu, mara mbili, akaenda kulala bila kula. Sasa tunasoma tulipofikia, awepo asiwepo. Krismasi iliyopita alikuja, akakaa barazani na simu yake sisi tukiwa ndani mkekani. Tulikuwa tumefika Danieli sura ya tatu, na msomaji alikuwa mjukuu wangu wa miaka saba. Akakwama palepale mwanzo. "Nebu... Nebuka..." Akarudia, akakwama tena. Sauti ikatoka nje gizani: "Nebukadreza."

Tukasubiri kidogo. Hakuingia. Mtoto akaendelea na mstari wa pili.