Kabla Hamjachomelea Korongo Wenu

SWALI: Mzee wetu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wasanii hapa Buruburu. Tunataka kusimamisha sanamu ya ndege korongo wa mita saba katika uwanja wa mtaa, mwili wa vyuma chakavu na mabawa ya vifuniko vya chupa za plastiki, ili watu wafikirie habari ya taka. Mama mmoja jirani alisimama mkutanoni akasema sisi ndio tutakaoleta taka, na kwamba mgunga ulio pale utakufa. Tumeudhika, maana plastiki yenyewe tumeiokota mitaroni. Nani ana haki?
– Mchomeleaji, Buruburu

JIBU: Mwanangu, huyo mama mkaribisheni kwenye kikundi. Anaona mambo mawili ambayo ninyi hamjayaona bado.

Nianze na mgunga, kwa kuwa miti ya mjini ndiyo kazi yangu ya maisha. Watu hudhani mizizi ya mti huzama chini moja kwa moja kama karoti. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha mti iko karibu sana na uso wa ardhi, nayo huenea mbali kupita ncha za matawi. Sasa piga hesabu. Korongo wa mita saba anataka msingi, na msingi unataka shimo, kokoto, nondo na saruji. Lori la kokoto litapita juu ya mizizi hiyo hiyo, likienda na kurudi. Udongo ukishindiliwa, maji na hewa haviingii tena. Mti hautakufa wiki hiyo. Utaanza kukauka kwenye ncha za matawi baada ya misimu kadhaa, picha zikiwa zimeshapigwa na sherehe imesahaulika, na kila mtu atasema ni ukame.

Halafu kuna udongo wenyewe. Sehemu nyingi za Eastlands, upande wenu wa mashariki ya Nairobi, zina ule udongo mweusi unaofura wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Fundi yeyote mwaminifu atawaambia mchimbe zaidi na mmwage saruji zaidi. Utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Magunia machache ya vifuniko hayawezi kufidia msingi wa namna hiyo.

Kwa hiyo msichimbe. Inawezekana, hata kwa kazi kubwa mara elfu kuliko yenu. Mwaka 2005, wasanii Christo na mkewe Jeanne-Claude waliweka malango 7,503 yenye vitambaa vya rangi ya zafarani katika bustani ya Central Park, New York, kwenye njia za urefu wa kilomita 37. Mji ulikuwa umewakatalia mwaka 1981, na mpango wao wa mwanzo ulikuwa wa kutoboa mashimo ardhini. Walipokubaliwa hatimaye, kila mguu wa lango ulikaa juu ya kitako kizito cha chuma kilichowekwa juu ya njia. Baada ya siku 16 yote yakaondolewa, na vifaa vikapelekwa kutengenezwa upya. Ninyi tafuteni sakafu ya saruji ya zamani hapo uwanjani, mbali na mgunga, na korongo asimame juu yake kwa kitako kipana. Mhandisi apime upepo kabla hamjamwinua, kwa sababu watoto watacheza chini yake.

Jambo la pili ni mabawa. Plastiki ikianikwa kwenye jua letu hukauka, hukatika, kisha huwa chembe. Vifuniko mlivyookota vikiwa vizima vitarudi mtaroni vikiwa vumbi lisilookoteka. Mtaro huishia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, na Athi, kwa jina la Sabaki, humwaga maji baharini karibu na Malindi. Hapo huyo mama amesema kweli tupu.

Silaumu plastiki kutumika katika sanaa. Februari 2022, wajumbe wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa walipokutana Gigiri, Nairobi, msanii Benjamin Von Wong aliwasimamishia bomba kubwa la maji linalomwaga plastiki, iliyokusanywa na watu wa Kibera. Tarehe 2 Machi nchi zikakubaliana kuanza kujadili mkataba wa plastiki. Kazi ya namna hiyo ina wakati wake. Korongo wenu pia apewe wake: msimu mmoja, kisha mabawa yafunguliwe. Kwa hiyo yafungeni kwa waya na skrubu, msiyagandishe kwa gundi. Andikeni sasa hivi ni nani atakayeyashusha, kwa pesa gani, na vifuniko vitapelekwa kwa mnunuzi yupi. Chuma hakinipi wasiwasi. Wanunuzi wa vyuma chakavu watakigombania.

Nendeni pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kaunti kabla ya kununua chuma. Sheria ya mazingira ya 1999 ilipotungwa, ilitaja miundo ambayo ukubwa wake haulingani na mazingira yake kuwa kati ya mambo ya kufanyiwa tathmini. Na msisahau kwamba jumba la ghorofa 60 ambalo Wangari Maathai alilipinga mwaka 1989 katika Uhuru Park lilikuwa lijengwe pamoja na sanamu kubwa ya rais. Uwanja wa wazi Nairobi ni mali adimu. Wakazi wana haki ya kuuliza.

SWALI: Mzee, chama cha wakazi hapa Kilimani kinataka kuuzungushia mugumo wetu, ule mtini mkubwa, taa za rangi mwaka mzima, wanasema ni sanaa. Kuna ubaya?
– Mpangaji

JIBU: Mwaka mzima, upo. Popo hula matunda ya mugumo usiku na kusambaza mbegu zake. Mwanga mkali huwafukuza, na huwavuruga wadudu wa usiku. Waambie wachague taa hafifu za manjano, zielekee chini, zizimwe saa nne usiku, na miezi ambayo mti una matunda zisiwashwe kabisa. Misumari wasipigilie. Nyaya ziachwe zikilegea, na mtu azikague kila mwaka, kwa maana shina hunenepa na waya uliokazwa huingia ndani ya gome.